Vile Winrose Alimkana Bwanake Kituoni

Shiru, hebu sikia hii.

Kipngetich amempiga Winrose. Bibi yake! Hapa kituo cha kura cha Section 58, laini yote ikiangalia!

Jana Kipngetich aliachia soja wa geti kitambulisho akiingia ofisi fulani huko mjini tao, akasahau kukichukua. Na karani leo ni Winrose. Akamwambia, "Bila kitambulisho hupigi kura."

Jamaa akacheka. "Si unanijua?"

"Hapa sikujui."

Hapa sikujui! Shiru, hiyo kofi ililia kama risasi. Akamshika nywele, akamgongesha uso kwa meza, damu ikarukia karatasi za kura.

Polisi wakamlaza chini na rungu. Mmoja akauliza, "Madam, huyu ni nani yako?"

Winrose akapanguza mdomo. "Sijui. Hana kitambulisho."