Zipu ya Mgongoni

Justa, naona tiki moja tu, ila naandika hivyo hivyo. Nimeshinda Mrembo wa Taifa. Usinipongeze.

Kokulinda, tuliyebaki naye wawili jukwaani, alikuwa hajajibu swali la mwisho! Kashika maiki, anafungua mdomo, mshereheshaji akatangaza jina langu. JINA LANGU. Hajajibu, Justa!

Ukumbi mzima ukazomea. Naapa sikujua kitu.

Hotelini tulilala wanne chumba kimoja. Wenzangu wote wamebeba mabegi wamehama. Dorcas, aliyenisuka juzi, kasimama mlangoni: "Hongera, malkia. Kumbe sisi tulikuja kukusindikiza."

Nimebaki na ziwa dirishani.

Ukiona hii panda bodaboda hapo Buzuruga, uje. Gauni zipu iko mgongoni, mkono wangu haufiki. Aliyeifunga ni Kokulinda.