Keekee Yangu, Taya Langu

Jumatatu, 4 Machi 2019
Wamenikataa tena. Wahandisi wa kampuni ya meno ya bandia, digrii zimejaa ukutani. Mmoja akaniambia, Mama, keekee ni keekee tu, kazi yake kutoboa. Kutoboa! Miaka 31 nakereza chuma kwenye karakana yangu hapa Daegu, leo nifundishwe tundu? Mfupa wa taya la juu ni laini kama keki ya mchele. Keekee yao inaula hadi upana wa milimita 3.6, halafu skrubu ya 4, ile ya kushikilia jino, inaingia kivivu. Yangu ina ngazi, tundu linaishia 3.0. Skrubu inabanwa. Nimejaribu kwenye mbavu 112 za nguruwe. Mzee Pyo wa buchani: "Dada, hao wageni wako hawashibi?"

Magego mawili ya juu sina, kushoto na kulia. Basi. Nitajitoa mwenyewe kujaribiwa.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari Namgung, wa meno yangu, amekubali, kwa kunisuta: "Bosi, wenzako huleta sampuli, wewe umeleta kichwa." Kushoto keekee ya kampuni, kulia yangu. Nguvu ya kukaza: kushoto 30, kulia 65. Sitini na tano! Kipimo cha uthabiti, kwa mia: kushoto 64, kulia 79. Daktari hakufurahi. Eti mfupa si chuma, ukiubana mno damu haipiti. Wivu tu. Nakunywa uji wa maboga, nacheka upande mmoja.

Alhamisi, 21 Machi
Uthabiti: kushoto 61, kulia 70. Wiki za mwanzo hushuka, hilo linajulikana. Bado naongoza.

Jumamosi, 30 Machi
Kulia panavuta kwa maumivu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 4 Aprili
Kushoto 63. Kulia 52.
Pima tena, nikasema. 52. Kwa upande wa shavu—51. Daktari akavua barakoa. Hakunicheka. Heri angenicheka.
"Skrubu tuitoe leo, au tuipe wiki mbili?"
Wiki mbili.
"Sawa. Lakini karatasi ya majaribio utaijaza wewe, Bosi. Keekee ni yako."

Jumatatu, 8 Aprili
Kwenye karatasi, safu ya kulia ilikuwa tupu siku nne. Asubuhi nilikwenda buchani. Mzee Pyo: "Umerudi! Nilidhani umetuhama, umehamia kwa wauza samaki." Mbavu kumi, nikasema, na usiniongeleshe.

Nimefunga chuma kipya kwenye kerezo. Ngazi ya mwisho: 3.2.

Kisha nimeandika 52. Kwa wino.

Ulimi unakwenda kulia wenyewe. Nimeisukuma skrubu—haikutikisika. Nimesukuma tena, kwa nguvu zaidi kidogo—