Makochi ya Mji wa Bibi

4 Machi

Kwa Bibi, mke mwenza wangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza ukorofi. Sisi hatujambo, ila mume wetu ana mafua, na unamjua, akipiga chafya mara mbili anataka kuandika wosia. Ulimdekeza mno mjukuu wako, Bibi, na taabu imeniangukia mimi niliyeolewa naye.

Nina jambo. Hospitali ya mji wenu ilikuwa inatafuta nesi. Mume wetu ameomba bila kuniambia, na wamemkubali. Alinipa habari hiyo juzi nikiwa nimebana misumari mdomoni, nadhani kwa makusudi, ili nisiweze kumjibu. Wanataka jibu mwisho wa Aprili. Sasa anasema, "Wewe ndiye uamue. Ukisema tunabaki, tunabaki." Maneno matamu, lakini mzigo wote kanitwisha mimi.

Basi napima. Hapa jijini dirisha letu linatazamana na ukuta. Jirani akikoroga chai, kijiko nakisikia. Maji ni ya kuvizia. Kutoka nyumbani hadi karakana nafika nimechoka kabla sijashika nyundo. Lakini karakana yenyewe ndiyo inayonishika miguu. Nilianza kwa kushona foronya, na leo nina kibao changu barabarani: Fundi Makochi. Hoteli zinanitafuta. Mtu akicheka kumwona mwanamke anavuta mikanda ya kochi, namwambia akae kwanza, kisha acheke. Na hapa hakuna anayenijua zaidi ya kazi yangu. Nikinuna, nimenuna, hakuna wa kuniuliza.

Huko kwenu nitakuwa "yule mke wa mjukuu wa yule bibi". Na nitafanya kazi gani? Je, watu wa huko wana makochi? Niambie ukweli, usinipambie.

Mke mwenza wako mdogo


15 Machi

Mke mwenza mdogo,

Marahaba. Magoti yapo, yanakusalimu. Mpe pole mume wetu, na umwambie akifa kwa chafya mimi naolewa tena.

Umeniuliza kama watu wa huku wana makochi. Kwani tunakalia mawe? Nilikasirika asubuhi nzima, kisha nikapoa.

Huo ukweli unaoutaka ni huu. Mji una barabara moja ya lami, nayo imechoka. Ukinunua sabuni ya aina nyingine, kabla hujafika nyumbani mtu ameshakuuliza ile ya zamani ilikukosea nini. Duka la vitambaa lina rangi mbili, kahawia na kahawia iliyopauka. Benki ina karani mmoja, na kila anayefika dirishani anaanza kwa kumuuliza hali ya watoto wake, kwa hiyo nenda na kiti chako. Umeme ukikatika hatushangai, ukirudi ndipo tunaangaliana. Ukigombana na mumeo, kesho yake utapewa pole na watu usiowajua, na nusu yao watakuwa upande wake kwa sababu walimbeba akiwa mchanga.

Mazuri yapo pia. Unakwenda kazini kwa miguu na unafika bado una hamu ya kazi. Maji yanatoka bombani. Ukinyoosha mkono humgusi mtu. Daktari akikuona sokoni anakukumbusha dawa yako mbele ya watu, na hilo sijui niliweke kwenye mazuri au kwenye mabaya.

Ama kuhusu makochi, siwezi kusema nisilolijua. Nipe siku chache nikapeleleze.

Mke mwenza mkubwa


27 Machi

Mke mwenza mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa mji mzima unaulizana kama akili yangu iko sawa.

Kazi nimeianza. Siwezi kwenda kwa mtu nikasema nimekuja kukagua kochi lake, kwa hiyo naenda kusalimia. Naingia, nakaa, nainuka, nahamia upande wa pili, nabonyezabonyeza huku nauliza hali ya familia. Kwa mwalimu mkuu mstaafu nilizama mpaka magoti yakakutana na kidevu, ikabidi nivutwe na watu wawili. Kwa mshonaji wa sare za shule springi imetokeza. Ameiwekea mto juu, na hapo ndipo anapomkalisha mgeni asiyempenda. Nilikalishwa hapo. Mama muuza mkaa ana kochi zuri kuliko yote mjini, lakini limefunikwa nailoni tangu liletwe na hakuna ruhusa ya kulikalia. Tulikaa sakafuni tukalitazama.

Habari zimeenea. Wapo wanaosema nina njaa, nazungukia chakula cha watu. Wengine wanasema natafuta mume. Tarishi mstaafu, yule aliyekuwa akituletea barua tangu mume wetu yuko shule ya msingi, amenyoa ndevu na kununua viatu vipya. Kwake sijafika. Naogopa.

Lakini ulisema nisikupambie. Makochi yapo, na mengi ni mabovu. Taabu ni kwamba watu wa huku hawatengenezi kochi, wanalifunika. Likibonyea wanaongeza kitambaa. Likibonyea zaidi wanaongeza kingine, cha kufuma kwa mkono. Sijui kama utapata kazi, mke mwenza. Nasema hivyo na roho inaniuma, lakini ndivyo nilivyoona.

Mke mwenza mkubwa


9 Aprili

Kwa Bibi,

Shikamoo. Hatujambo, mafua yamekwisha na wosia umeahirishwa. Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani. Mwenzangu ninayefanya naye kazi alicheka mpaka akajigonga kidole kwa nyundo. Anakusalimu, na anauliza lile kochi la nailoni ni la rangi gani.

Nimepima tena, na mizani haitulii. Juzi hoteli moja imeniletea viti vya ukumbi mzima, nikarudi nyumbani naimba. Nikamkuta mume wetu amesimama dirishani, anautazama ule ukuta. Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema, "Naangalia mbali." Bibi, ukuta wenyewe ukinyoosha mkono unaugusa. Kuimba kukaniishia.

Ila kuna kitu kinanichoma na bora nikiseme. Nimezisoma tena barua zako. Umenieleza sabuni, benki, tarishi na viatu vyake. Hakuna mahali ulipoandika "karibu". Hata kwa bahati mbaya. Neno ambalo mwenye duka humwambia hata mteja asiyenunua, wewe umelibania. Najua tunataniana. Najua pia mume wetu ni wako tangu hajaota meno, na mimi nimekuja juzi tu na nyundo yangu. Labda hutaki mwanamke mwingine jikoni kwako. Kama ndivyo, niambie, nitabaki na viti vyangu vya hoteli na hatutagombana. Lakini kama unanitaka, liandike neno hilo. Nataka kuliona kwa mwandiko wako. Bila hilo siji.

Mke mwenza mdogo


24 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuiti mke mwenza, utani nimeuweka kando. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena.

Nilipoolewa nilikuwa opereta wa simu jijini. Nilikaa mbele ya ubao wenye matundu, nachomeka waya huku, nachomoa kule, naunganisha watu. Wengi waliijua sauti yangu na hawakuijua sura. Nilijisikia mtu. Kisha mama mkwe akaniandikia barua yenye neno hilo kila mstari, nikaja. Wakati huo mji huu haukuwa na simu hata moja. Babu yenu alikuwa mtu mwema, na kuolewa naye sikujutia. Lakini kila nilipoukumbuka ule ubao nilimkasirikia mama wa watu, kwamba yeye ndiye aliyeniita. Masikini, hakuwa amefanya lolote baya, alikuwa amenifurahia tu. Sikutaka nawe uwe na neno langu la kulishikilia siku kazi itakapokuwa ngumu. Nilitaka ukija, uwe umekuja kwa akili yako mwenyewe.

Eti sikutaki. Mwanangu, mwanamke wa umri wangu haendi kuzama kwenye kochi la mwalimu mkuu kwa ajili ya mtu asiyemtaka. Nakutaka sana. Nyumba hii ina sauti moja tu, na nimeichoka kwa sababu ni yangu.

Lakini neno hilo silitangulizi. Mlangoni kwangu mtu anapiga hodi kwanza, ndipo anajibiwa. Siku utakapopiga utajibiwa, na kwa kuwa umetaka mwandiko, utajibiwa kwa mwandiko.

Sasa ongeza hili kwenye mizani yako. Mwishowe nilikwenda kwa tarishi. Viatu nilivisifia, kisha nikamweleza kwamba nakagua makochi kwa niaba ya fundi. Alinywea kidogo, akacheka, kisha akaenda kuusambazia mji wote, maana kazi ya utarishi haijamtoka. Siku hizi nasimamishwa barabarani naulizwa fundi anafika lini. Mwalimu mkuu amevua vitambaa vyote, kochi liko uchi sebuleni na mkewe hasemi naye. Mama muuza mkaa ametoa nailoni, ila bado anakaa sakafuni. Mimi sijamwahidi mtu kitu.

Kuna kochi moja sikukuandikia, nalo ni langu. Upande wa kushoto nakaa mimi. Wa kulia alikuwa akikaa babu yenu. Shimo lake bado lipo, na tangu alipoondoka hakuna aliyelikalia. Sijui nilitengeneze au niliache. Ningependa fundi alitazame aniambie.

Bibi yako


17 Mei

Kwa Bibi, kupitia chini ya mlango,

Shikamoo. Nimegonga, kimya. Naandikia magotini, nimekalia begi la vifaa vyangu. Jirani yako amechungulia akaniuliza mimi ni nani, na kabla sijafungua mdomo akajijibu, "Ahaa, huyu ndiye fundi." Hakuuliza mke wa nani. Nimefurahi mpaka nimesahau kumsalimia, naye najua atalisema.

Mume wetu amewajibu hospitali, amebaki nyuma kufunga mizigo. Akiifunga kama anavyofunga kamba za viatu, hatutabakiwa na sahani nzima. Karakana nimemwachia mwenzangu, na kibao hatujakiondoa. Tumekubaliana nijaribu mwaka mmoja. Nikishindwa nitarudi, na nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Nililia kidogo kwenye basi, Bibi, kwa ajili ya ile barabara na makelele yake. Lakini sikuwa na wa kumkasirikia. Nimekuja mwenyewe.

Nimechungulia dirishani nikaliona kochi. Mikanda inaweza kuvutwa upya na sponji kubadilishwa. Inawezekana pia kutengeneza upande wa kushoto peke yake, na wa kulia ukabaki kama ulivyo. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya.

Hodi.

Mke mwenza mdogo


Siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi hiyohiyo

Mke mwenza mdogo,

Marahaba. Nipo ndani muda wote. Ulipokanyaga tu kituo cha basi niliambiwa, nikaambiwa na rangi ya begi lako. Nimekaa nyuma ya mlango huu na kalamu mkononi, nangoja karatasi ipite, na magoti yameshakufa ganzi.

Mambo ya ule upande wa kulia tutaamua ukishaukalia. Nimekuwekea chai hapo.

Mlango umevimba kwa mvua, usukume kwa bega.

Karibu.

Mke mwenza mkubwa