Baba Atu, Binti Yako Anatua Itundwe

Mume wangu mpendwa, Baba Atu,

Nakuandikia kutoka Guangzhou, kwenye hoteli ile ile ya mtaa wa Xiaobei tuliyokaa wote wawili ile mara moja tu uliyokubali kunifuata huku. Kuta zinatoa jasho. Ni yale majira ya unyevu ambayo nguo haikauki hata ukiianika wiki nzima. Mzigo wangu umeshafungwa na wakala wa kontena ananisubiri chini, lakini nimekaa kitandani, sina hamu ya kushuka. Najua hutaisoma barua hii. Naiandika wazi, aisome atakayeisoma, kwa sababu nina habari ambayo wewe ndiye uliyestahili kuisikia kwanza, na hakuna mahali pa kuipeleka.

Atu amekuwa rubani. Nilimwomba angalau aende kwenye ndege kubwa, akakataa. Anaendesha ndege ndogo ya injini moja, aina ile ile yako, anapeleka wauguzi na dawa milimani. Na sasa wamempa njia ya Itundwe.

Unakumbuka uliponipeleka Itundwe mara ya kwanza? Tulikuwa bado hatujafunga ndoa. Uliniweka kiti cha mbele kulia, ukanifunga mkanda kwa mikono yako na kuuvuta mpaka nikalalamika. Tulipofika juu yake nilidhani unanitania. Chini niliona kipande cha nyasi juu ya mgongo wa mlima, mwanzo wake korongo, mwisho wake kilima chenye mikaratusi.

"Tunatua pale?" nikakuuliza.

"Tunatua pale."

Ulipita kwanza chini chini ili watu wafukuze mbuzi, ukaangalia moshi wa jikoni unalalia upande gani. Halafu ukazunguka, ukaanza kunieleza kana kwamba mimi ndiye ninayeshika usukani. "Chagua pa kugusa," ulisema. "Lile jiwe jeupe. Litazame hilo tu. Likipanda kwenye kioo, tutaishia korongoni. Likishuka, tutapitiliza. Likitulia, tunakwenda penyewe." Jiwe likatulia. Ukasema mwendo ndio kila kitu, kwamba ukija mbio ndege inaelea, inakataa kukaa, na kiwanja kinakwisha huku uko hewani. Ukija taratibu mno inakuangusha. Na kama kuna kitu hukipendi, ondoka, rudi hewani, wala usione aibu. "Ila uamue kabla ya ukingo wa korongo. Ukishauvuka, ile mikaratusi haikupishi."

Magurudumu yaligusa kwa kishindo, meno yangu yakagongana. Nikakwambia umetubwaga. Ukacheka. "Kiwanja kifupi hakitaki kubembelezwa. Ukitaka kutua kama unyoya, utamaliza nyasi zote."

Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kuogopa ukiwa kazini. Wake wa marubani wengine walikuwa wakipiga simu kila jioni. Mimi nilikuwa nakuona unavyofanya. Ulikuwa ukifika kiwanja kipya unakitembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, unapiga ardhi kwa kisigino kama mtu anayenunua tikiti maji. Mvua ikitishia, ulikuwa unalala huko huko. Mara ngapi chakula kimepoa mezani, na mimi nimetulia, kwa kuwa nilijua aliyechelewa ni mtu mwangalifu.

Huku Guangzhou ulinichekesha. Ndege ilipokuwa inashuka ulishika mikono ya kiti kama mtoto, ukanong'ona, "Uwanja mrefu hivi, hata mimi ningetua nimelala. Ninachoogopa ni kutomjua anayetutua." Nilikupeleka soko la Zhongda kununua vitambaa, ukachoka kabla ya saa sita. Nilikuwa nabishana na laoban mmoja, kama wanavyomwita mwenye duka huku, yule mama wa duka la kona, ambaye kila nikitaja rangi alijibu "meiyou", yaani haipo. Ukalipenda neno hilo. Tulipokuwa tunavuka daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, ulisimama katikati, wauza saa na wabadilisha fedha wakitupita, ukalipima kwa macho. "Hapa ningetua," ukasema. Nikakuuliza, na kuondoka je? Ukatikisa kichwa. "Meiyou." Tukacheka mpaka Wachina wakatutazama.

Siku ya ajali yako nilikuwa Shahe, kwenye soko la nguo, nimeshika rundo la suruali za watoto, wakati Joel, rubani mwenzako, aliponipigia. Alisema, "Shemeji, tafuta pa kukaa." Sikukaa. Pale Shahe hakuna pa kukaa, kuna mikokoteni na watu wanaokusukuma wapite. Nikasikiliza nimesimama, suruali mkononi, na mwenye duka ananionyesha bei kwenye kikokotoo chake.

Nilichoambiwa baadaye na muuguzi uliyekuwa umembeba, ambaye alipona na kuvunjika mkono tu, ni hiki. Ulikipita kiwanja cha Itundwe chini chini kama kawaida. Ulimpigia simu mzee Ambokile, mlinzi wa kiwanja, ukamuuliza nyasi zikoje, akakujibu ni kavu. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amesimama upande wa korongo, na upande huo ulikuwa mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa mikaratusi peke yake, jinsi mvua ya milimani inavyofanya, na kutoka juu nyasi zote zilikuwa za kijani kimoja. Uligusa pale pale penye jiwe. Ukakanyaga breki, zikashika. Halafu ukaingia penye maji, upepo ukageuka ukawasukuma kutoka nyuma, na magurudumu yakateleza kama juu ya sabuni. Muuguzi anasema hukupiga kelele. Ulisema, "Inama, kichwa magotini," kwa sauti ya kawaida, ukaigeuza ndege ili miti iipate upande wako.

Mzee Ambokile alikuja msibani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alinishika mikono miwili akasema, "Mama, mimi nilisimama pakavu." Aliyarudia maneno hayo mpaka watu wakamwondoa.

Wachunguzi walikuja, wakapima, wakaondoka. Walisema ulifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Watu waliniambia hiyo ni faraja. Baba Atu, laiti ungekosea. Ungekuja mbio, ungekuwa umechoka, ungekuwa umepuuza mawingu, ningekuwa na kitu cha kumwambia mtoto wako: baba alifanya hivi, wewe usifanye. Umeniacha bila hata kosa moja la kumwonyesha.

Alhamisi nilikuwa Zhongda kwa yule yule mama wa duka la kona. Atu akanipigia.

"Mama, Jumamosi naenda Itundwe. Kapteni wangu atakaa pembeni, lakini ninayetua ni mimi. Nikumbushe baba alikuwa anasemaje."

Laoban alikuwa ananingoja na mkasi mkononi. Nikamwashiria asubiri, nikageukia ukutani kwenye majora ya vitambaa, nikamweleza mwanao. Nilimwambia jiwe, likipanda na likishuka. Nilimwambia mwendo, nikamwambia moshi wa jikoni, asibembeleze, aamue kabla ya ukingo. Nilijisikia nikitumia maneno yako na kupanga sauti yangu kama yako. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo," kama anayesali.

Nilipomaliza nikaongeza la kwangu. "Na kuhusu nyasi utamwuliza nani?" nikasema mimi, maana hilo ulikuwa hujanifundisha. "Usimwulize mtu aliyesimama mahali pamoja. Mwambie akitembee kiwanja chote."

"Tayari nimeshamwomba mzee Ambokile. Anakitembea chote siku hizi, kila asubuhi, hata kama hakuna ndege."

"Atu, na kama ukifuata yote?"

Alielewa. "Baba alifuata yote, mama. Najua."

"Sasa unaenda kwa nini?"

"Barabara imekatika tangu masika yaanze. Kuna kina mama wanaojifungua kule bila hata glovu."

Wewe ungejibu hivyo hivyo. Nikamwambia nenda salama. Laoban alipouliza kwa ishara kama kuna ubaya, nilitikisa kichwa, nikanunua kitambaa ambacho sikukihitaji.

Ijumaa wenzetu walinipeleka kwenye maombi, kile chumba cha hoteli ambapo wafanyabiashara wa Tanzania na Kongo hukusanyika. Mama mmoja wa Kikongo aliniwekea mkono kichwani akasema Mungu atamlinda binti yangu. Nilifumba macho kwa heshima. Ndani yangu nilikuwa nawaza kwamba hata wewe uliombewa, na wanaojua kuomba kuliko sisi.

Jumamosi sikutoka. Nilikaa na simu mapajani, nikasikia hatua za watu kwenye korido, mabegi yakiburutwa, Wakenya wakitaniana kwa Sheng. Mchana ujumbe ukaingia. Ilikuwa picha: Atu amesimama mbele ya ndege, nyuma yake mikaratusi, pembeni mzee Ambokile amevua kofia. Chini ameandika, "Nimetua, mama. Palepale."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa furaha. Hakikuja hata kimoja. Nilimtazama mtoto wako anavyosimama, ametanua miguu kama wewe, nikajua kwamba sitapumua. Kutua kwake salama hakujamaliza kitu. Wewe pia ulitua salama pale, mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokulinda siku ile.

Nilimjibu, "Hongera mwanangu, baba yako angejivunia." Nadhani ni kweli. Ungembeba begani. Mimi ndiye siwezi. Nimekuwa mtu wa kungoja simu, na simu ikishaingia naanza kuingoja nyingine. Joel anasema nirudi nyumbani, nikae karibu na Atu. Karibu na nini, Baba Atu? Nikiwa nyumbani Mbeya nitasikia ndege zikiondoka. Huku angalau kuna kelele za kutosha.

Wakala amenipigia tena kutoka chini. Nashuka sasa. Pumzika huko kaburini kwenye mlima wetu, na usinitegemee kuja karibuni. Jumatano mvua inatabiriwa, na Atu anaenda Itundwe peke yake.

Mkeo,
Mama Atu