Shakul, Mbio Zako Hazianzi kwa Bunduki

Mwaka umetimia, Shakul, tangu lori likugonge na kukuua kando ya barabara ya Buwenge ukiwa mazoezini. Wakasema hukusikia honi kwa sababu ya usonji wako. Uongo. Wewe ulisikia kuliko sisi sote; lori ndilo lililoacha njia yake. Tulikataa siku ile, tunakataa leo.

Ulizaliwa Jinja, kambini, mtoto wa askari, na bado mlio wa bunduki ulikuunguza masikio kama maji ya moto. Kwa hiyo mbio zote, zikianzishwa kwa bunduki, zilianza bila wewe. Wenzako wanatimka, wewe umeziba masikio, umefumba macho. Watu wanacheka. Kisha unafungua macho, na kicheko kinakauka kadiri unavyowapita wenzako mmoja mmoja. Ulipowashinda kule Mbale, mwandishi wa redio alikuuliza mbona ulichelewa kuondoka. Ukamjibu, "Bunduki ilikuwa inaongea. Nilingoja imalize."

Hukupenda kushikwa mkono. Chai yako lazima ipoe kwanza. Nguo za Mama ulizianika kwa kufuata rangi, na ole wake aliyezichanganya. Namakwekwe, mtaa wa Mbale ulikopanga chumba, watoto wa jirani walikuita Afande, nawe ukawapigia saluti bila kucheka. Kocha wako, Masaba, alikuanzisha mazoezini kwa kupunga kofia tu. Hukuchelewa hata siku moja.

Masaba aliwaomba wakubwa wa chama cha riadha watumie bendera. Wakamwambia mbio hazibadilishwi kwa ajili ya mgonjwa mmoja, wakakuacha nje ya timu. Sura zao tunazikumbuka.

Sasa hao hao wamekuja kwa Mama na fulana zenye picha yako. Mbio za Jumamosi hii, Mbale, wanataka ziitwe kwa jina lako. Mama akawapa chai, akawauliza, "Zitaanzishwa kwa kitu gani?"

Wakamjibu, "Kwa bunduki, Mama, kama kawaida."

Akawarudishia fulana zao.

Tunasema hapa wasome wote: wakipunga bendera, jina walitumie. Wakileta bunduki, tutasimama kwenye mstari wa kuanzia, familia nzima, mpaka waling'oe bango lenye jina lako. Watuite wakorofi. Wewe walikuita vibaya zaidi, ukawapita.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Ni sisi: mama yako Ramula, dada yako Mariat, kocha Masaba, na mimi kaka yako Zubair niliyeandika. Kukusahau hatujui, na hatuna nia ya kujifunza.