Mahali au Mahari

Bweni la wasichana,
Biharamulo.
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama, na kwa Bibi, ambaye natumaini miguu yake imepungua kuvimba tangu nilipoondoka. Mimi ni mzima wa mwili. Ninakula, ninalala, na katika jaribio la Jiografia nimekuwa wa tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua njema huuliza hali kwanza, kisha hutoa dhumuni. Hali nimekwisha kuuliza. Dhumuni nalitoa sasa, na unisamehe likitoka na miiba.

Baba, ni mahali au ni mahari?

Nitaeleza kwa utaratibu, usije ukadhani shule imenipandisha kichaa.

Jumanne mchana tulikuwa kwenye foleni ya chakula, na matroni akaniita. Sisi haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo ujumbe wa nyumbani hufika kwenye simu yake, naye huusoma kwa sauti mbele ya watu ili asishukiwe kuficha kitu. Alisoma hivi: "NIMEPATA MAHARI. MUNGU MKUBWA. MAMA AMEFULAHI. BABA."

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Kisha Winfrida, yule msichana wa Kaniha mwenye sauti ya filimbi, akapiga kelele, "Jamani, Mwewe kanyakua kifaranga!" Wote wanajua kuwa nyumbani tumechukua laini ya simu ya Mwewe, maana tangu Januari nimekuwa nikiilalamikia. Basi wakapata pa kuanzia.

"Ng'ombe wangapi, Editha?"

"Dawati lako nimeliwahi mimi!"

"Shikamoo, bibi alusi!"

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa sababu halikunicheka mimi peke yangu. Liliucheka ulimi wetu, wa kwako na wa Bibi na wa kwangu nilipofika hapa kidato cha kwanza. Mwalimu alinisimamisha wiki nzima niseme "kula, kura, kula, kura" mpaka darasa likachoka kucheka. Mimi nilijifunza. Wewe hukuwa na wa kukusimamisha, na sikukulaumu hata siku moja, mpaka Jumanne.

Sikulia pale. Nilikwenda kulia nyuma ya bomba la kufulia, kisha nikanawa uso, nikaanza kufikiri kama nilivyofundishwa.

Nilianza na likizo ya Desemba. Unakumbuka, baba, jinsi kampuni zile mbili za simu zilivyofika kwetu wiki moja, yenye picha ya jogoo na yenye picha ya mwewe, na kila mtu akawa na maoni. Uliniambia, "Wewe ndiye msomi, tuchagulie." Nilifurahi sana kuambiwa vile. Niliazima simu ya Mzee Yustino, nikatia laini ya Jogoo, nikazunguka boma letu lote na daftari. Mlangoni vijiti vinne vya mtandao. Jikoni vitatu, pamoja na moshi. Zizini vinne. Kisimani viwili. Kisha nikatia ya Mwewe, nikazunguka tena. Mlangoni hakuna. Jikoni hakuna. Zizini hakuna. Juu ya kile kichuguu cha nyuma, nilipoinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, kilitokea kijiti kimoja, kikapotea kabla sijakiandika.

Nilikuletea daftari. Ulilisoma lote, hilo nakushukuru. Kisha ukauliza, "Mnara wa Jogoo uko wapi?" Nikakuonyesha, kule Lukole, kilimani juu ya kambi ya wakimbizi. Ukafunga daftari.

"Mnara ule umesimama kwenye visiki vya miti ya baba yangu," ukasema. "Sitaongea na mtu kwa kupitia huko."

"Lakini baba, Mwewe anashika kijiti kimoja tu."

"Kijiti kimoja kinatosha. Simu si kuni."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Ukaongeza, "Mahali patapatikana. Nitapatafuta mwenyewe, na siku nikipapata nitakutumia ujumbe." Maneno hayo nimeyashika kama rozari tangu Jumanne. Nayarudia, nayarudia, na karibu yananituliza.

Lakini siku hiyohiyo, baba, Bwana Anatoli alikuwepo. Simpendi mtu huyo na siombi radhi kwa kutompenda. Ni wakala wa Mwewe, alikuletea kofia na fulana, na meno yake huanza kucheka kabla yake. Nilipoleta maji ya kunawa aliuliza, akikutazama wewe na si mimi, "Huyu binti yuko kidato cha ngapi?" Ukamwambia cha tatu. Akasema, "Vidato vinatosha. Nina mdogo wangu ana duka pale Biharamulo mjini, hana mke, na baiskeli anayo." Mama aliinuka akaenda jikoni. Wewe ulicheka.

Ulicheka, baba. Labda ulicheka kwa adabu, kwa kuwa ni mgeni. Labda ulicheka kwa sababu ya baiskeli. Bado nakisikia kicheko kile, na sijui kilikuwa cha namna gani.

Basi nilimfuata mwalimu wa Kiswahili na karatasi niliyonakili ujumbe wako. Nikamuuliza, "Mwalimu, mtu aliyeandika 'mahari' na papo hapo akaandika 'amefulahi', alikusudia nini?"

Alivaa miwani. "Huyu huweka L penye R, na R penye L. Kwa hiyo mahari yake ni mahali." Nikaanza kuikunja karatasi. Kisha akavua miwani. "Ila siku nyingine huandika R penye R, kwa bahati. Angeongeza neno moja tu tungejua. Mahali ni pazuri, mahari ni nzuri. Ndiyo shida ya watu hawa."

Nikamjibu, "Watu hawa ni baba yangu, mwalimu." Nilidhani atanichapa. Alivaa tena miwani, akasema niende darasani.

Matroni alinihurumia, akanipa simu nikupigie. Nilipiga mara nne siku nne. Mara zote yule mwanamke wa Mwewe alinijibu kwa sauti tamu kwamba simu ninayopiga haipatikani kwa sasa. Laiti angekuwa na shingo.

Ijumaa nikafanya jambo ambalo ulinikataza. Nilimpigia Mama Espe. Unamfahamu, yule mama wa Kirundi anayepigisha watu simu sokoni kambini, anayekuja kubadilishana unga na ndizi za Mama. Laini yake ni ya Jogoo. Aliitika kwa salamu ya kwao kabla sijavuta pumzi. "Amahoro, mwanangu, mbona unalia?" Nikamweleza. Akasema anakwenda saa ileile, ingawa yeye hatakiwi kuonekana mbali na kambi na angeweza kukamatwa njiani.

Baada ya vipindi vya mchana alimpigia matroni, nikapewa simu.

"Mwanangu, baba yako amenisimamisha uani kama mbuzi aliyevunja uzio. Nikamwambia, nimebeba neno la mtoto wako. Akasema, kama limepita kwenye mnara wenu, lirudi lilikotoka."

"Hukumwambia ni neno gani?"

"Amenipa nafasi? Ameokota jiwe, mwanangu. Hakulitupa, lakini ameliokota."

"Umeona nini hapo nyumbani?"

"Pikipiki nyekundu imeegemea mgomba. Watu wamekaa, wananywa pombe ya ndizi. Wanacheka. Mama yako amejifunga kitenge cha sikukuu."

Pikipiki nyekundu ni ya Bwana Anatoli. Kitenge cha sikukuu Mama hukitoa Krismasi na Pasaka. Nieleze, baba, mimi mwenye akili zangu nifikiri nini? Labda mlikuwa mkisherehekea kijiti kimoja. Labda mlikuwa mkinisherehekea mimi.

Mkuu wa shule amekwisha kusikia, maana Winfrida hana breki. Aliniita ofisini. "Nimeona ng'ombe wakitoa wasichana katika madarasa haya," alisema, "na kila mmoja aliniambia baba yake si mtu wa namna hiyo." Barua ya kupeleka bomani, kwa wakubwa wa wilaya, ameiandika tayari. Nimeiona mezani, jina lako limo, na limeandikwa sawasawa bila kosa hata moja. Nilipiga magoti nikamwomba anipe nafasi nikuandikie kwanza. Amenipa hadi Jumatatu, si ya kesho, ya wiki inayofuata. Sikupiga magoti kwa ajili yangu. Sikutaka jina lako lifike bomani kwa kosa la herufi moja, kama ni kosa.

Na kama si kosa, sitakuja. Naandika hivi nimeketi vizuri, kwa heshima zote. Sitakuja, hata Bwana Anatoli akiongeza kofia.

Nina hasira nawe, baba, na Padri amesema hasira isiyosemwa huoza, kwa hiyo naisema. Miti ile naijua. Babu aliipanda, na mwaka walipokuja wakimbizi waliikata kuni, kilima kikabaki kama kichwa kilichonyolewa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyokaa kwenye kisiki siku nzima bila kula. Ni haki yako kuumia. Lakini Mama Espe mwaka ule alifika na mtoto mgongoni na mwingine mikononi. Shoka angelishika kwa mkono upi? Na kila wiki sasa malori yanawarudisha kwao. Naye yumo kwenye orodha. Watakwenda wote, baba, na mnara utabaki pale pale na vijiti vyake vinne. Utakuwa umewakasirikia watu ambao hawapo, huku ukisimama juu ya kichuguu umeinua mkono.

Mwaka jana Bibi alipozidiwa nilipata habari baada ya wiki mbili, kwa mdomo wa kondakta. Ndiyo maana nilizunguka na lile daftari. Nilitaka siku nyingine nisikie sauti yako mwenyewe, kutoka mlangoni, ukiniambia jambo na mimi nikikuuliza, "Umesemaje, baba?" na wewe ukirudia. Ni hilo tu. Kwa sauti ningekujua. Hata ukichanganya herufi zote, ningejua kwa namna unavyovuta pumzi.

Barua hii anaileta mwalimu wetu wa Hisabati, anakuja Ngara kuwaona wazazi wake, na atapita kwetu kungoja jibu. Ni mpole, msimpe pombe. Nakuomba usiniandikie neno lile tena. Kalamu yako italikosea, nami nitabaki nilipo. Fanya hivi. Panda hapo mahali, kama papo, usimame na simu mkononi, kisha uniandikie karatasini unaona nini. Ukiona paa la jiko, andika jiko. Ukiona kisima, andika kisima. Ukiona mnara wa Lukole, andika hata huo, hautakuuma. Maneno hayo hayana pacha wa kuchanganywa naye. Hata ukiyakosea nitayajua, kwa sababu nimepita kila mahali hapo nikihesabu.

Na kama hakuna unachokiona kwa sababu hakuna mahali, andika tu idadi ya ng'ombe. Tarakimu hazina L wala R.

Mimi nadhani utaandika kisima. Nimeiangalia ile ramani ya daftari langu, na mtu mrefu kama wewe akisimama juu ya kile kichuguu ataona kisima na nusu ya njia ya kanisani. Nimeomba iwe hivyo asubuhi ya leo, nikatoka kanisani mwepesi kidogo.

Ikiwa hivyo, baba, nitakuomba radhi kwa magoti, na nitakuomba tena laini ya Jogoo. Kijiti kimoja nusura kiunguze nyumba.

Msalimie Mama, umwambie nimeuliza habari za kitenge. Msalimie Bibi, umsugue miguu kwa mafuta ya ng'ombe jinsi nilivyokuonyesha. Msalimie Mzee Yustino, jirani mwenye simu na subira. Salamu kwa Katekista, aliyenifundisha kusoma kabla ya shule. Na kama Mama Espe atapita tena uani kabla lori lake halijafika, mpe ndizi. Hata bila maneno, mpe ndizi.

Bwana Anatoli sina salamu yake.

Ni mimi binti yako, niliye bado mahali pangu, dawati la pili kutoka dirishani,

Editha