Kiti Kitakachomfaa Baba Yako

Karakana ya Viti vya Magari,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Chiriku wangu,

Nakusalimu salamu zote, za asubuhi na za jioni, kwa kuwa sijui barua hii itakukuta saa ngapi. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Na huko kazini, muuguzi mkuu wenu bado ananuna? Sisi huku wazima. Mgongo wangu unalalamika, lakini ulianza kulalamika kabla hujazaliwa, kwa hiyo usiutilie maanani.

Picha ya gari ulilolipenda nimeipata. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Ni zuri, mwanangu, siwezi kukudanganya. Ila mimi shangazi yako nashona viti vya magari tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni, na gari nalijua kwa ndani, pale ambapo muuzaji hapendi uangalie.

Huyo muuzaji anayekupigia simu kila siku ana haraka ya nini? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukienda yadini, nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi atakayeletwa na yeye, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi ahangaike na injini. Wewe hangaika na viti. Sogeza kiti, ingiza mkono chini, papasa reli zake. Ukikuta kutu, na mchanga mkavu chini ya kapeti, ujue gari hilo liliwahi kuingia maji, na nyaya zake zitakutesa. Likinukia manukato kupita kiasi, ondoka. Na kipimo cha kilomita kikisema gari limetembea kidogo ilhali kiti cha dereva kimebonyea, wewe amini kiti.

Halafu gari linakula, tena halijui mwisho wa mwezi. Uliza spea zake zinapatikana wapi. Jirani yetu kinyozi alinunua la kipekee mtaa mzima. Taa ya mbele ilipovunjika, nyingine haijapatikana mpaka leo. Sasa kuku wanataga ndani, na yeye anakuja kazini kwa miguu.

Hayo lakini ungeambiwa na yeyote. Kilichonikalisha chini kukuandikia ni baba yako.

Uliniambia unanunua gari ili uje umchukue, akaone nyumba yako mpya. Tangu apate kiharusi na mguu wa kushoto ukalegea, kaka yangu haendi kokote isipokuwa hapa karakanani kwangu, mlango wa pili kutoka kwake. Teksi anazikataa. Usifikiri hataki kukuona. Siku ile ya kutoka hospitali walimbeba wakamwingiza garini, watu wakitazama, naye akaapa hatapakiwa tena kama gunia. Unamjua mwenyewe.

Basi nikabuni ujanja. Kila gari linaloletwa kushonwa viti, namwambia, "Kaka, hebu kaa hapo, uniambie sponji imekaaje." Anaingia, anaikosoa kazi yangu kwa raha zake, anatoka. Yeye anajua ananisaidia kazi. Mimi naangalia goti.

Wiki iliyopita likaja gari la chini, ndugu yake hilo jekundu lako. Kuingia, alitumbukia. Kutoka akashindwa. Nikamnyooshea mkono, akaniambia niache kwanza asikilize redio. Redio yenyewe ilikuwa imeng'olewa. Nikajifanya natafuta sindano, nikaenda nyuma ya karakana nikalia kidogo, nikarudi na kigoda cha kuegemea. Akajisukuma taratibu mpaka akasimama.

Sikupangii la kununua. Fedha ni zako na jasho ni lako. Msalimie mdogo wako unayekaa naye, mwambie aache kukushauri mambo ya rangi. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama kutakuwa na nafasi yake na ya vikapu vyake. Nimwambieje?

Nimalizie na la jana. Mwalimu wa hapa jirani ameleta gari lake la kijivu. Si zuri, lina sura ya kabati. Lakini kiti chake kimeinuka kiasi cha kukalika bila kuinama, mlango unafunguka wote, na juu ya dirisha kuna kishikio. Betri tulikuwa tumeitoa, na kiti cha nyuma kiko juu ya meza yangu. Baba yako akageuka, akakaa, akauinua mguu wake kwa mikono yake mwenyewe akauingiza ndani. Nikasubiri anikosoe. Akafunga mlango, jambo ambalo sikumwomba. Kisha akavuta mkanda, akaufunga, akatazama mbele.

Nikamwuliza, "Kaka, unakwenda wapi?"

Akasema, "Wewe shona."

Hilo jekundu, mwanangu, utalinunua siku nyingine.

Mungu akutangulie katika kila njia utakayoshika, na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye na kukungoja mlangoni,
Shangazi